Ile p ilikuwa ya soprano tu

Besi walikuwa wananguruma. Tena pale pale kwenye kipimo cha 23, yaani kile kisehemu cha 23 cha wimbo, ambapo nilitaka kwaya nzima ishuke mpaka isikike kama watu wanaoongea chumba cha pili. Soprano wameshuka, alto wameshuka nusu nusu kwa kuwavizia soprano, tenori wanabahatisha, halafu besi wanapita katikati kama lori lenye mzigo. Nikasimamisha, nikasema jamani p hiyo, imbeni laini, p! Tukarudia, lori likapita tena. Mara ya tatu mzee mmoja wa besi akanyanyua karatasi yake juu akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo p unayoisema mimi kwangu haipo."

Nikaenda kuangalia na kweli haipo. Kurasa tatu za besi hazina p, hazina f ya kuimba kwa nguvu, hazina chochote zaidi ya nota na maneno. Mimi ndo nilizichapa kwa mikono yangu, na usiku wa jana yake nilikuwa nimevaa hedifoni naisikiliza kazi ile ile kwenye laptopu, kipimo cha 23 kikifika sauti zote nne zinashuka pamoja mpaka mwili unasisimka. Sasa imekuwaje kompyuta imeshuka na watu hawajashuka?

Niliporudi kwenye faili nikaona nilichofanya. Programu ya kuandikia nota niliyokuwa natumia, ukishaweka alama ya nguvu ya sauti kuna kisanduku pembeni kinakuuliza hii alama imhusu nani, mstari huu tu, chombo hiki, au wote. Mi nikaona ah, nihangaike kuweka p mara nne ya nini, naweka moja kwa soprano nachagua wote, kazi imeisha. Na kwa kompyuta iliisha kweli, sauti nne zikatii. Ila hicho kisanduku kinaongea na spika, hakiongei na printa. Kwenye karatasi p ilichorwa sehemu moja tu, juu ya mstari wa soprano, na nilipotoa karatasi ya kila sauti peke yake ili maandishi yawe makubwa wazee wasome bila taabu, p ikaondoka na soprano wake. Besi wakabaki na nota tupu, na mimi nikabaki nawalaumu mbele za watu kwa kutokuona kitu ambacho sikuwaandikia.

Tangu siku hiyo kila nikifungua programu ya nota najua ninachokiandika kina wasomaji wawili, mashine na mtu, na hawasomi kitu kimoja. Shida yangu yote ya alama hizi, p, f, kresendo, vinukta, vikofia vya kukazia nota, imetoka hapo.

Hebu tuzitazame herufi zenyewe kwanza. p ni piano, kwa Kitaliano maana yake laini, f ni forte, kwa nguvu, na m inayotangulia ni mezzo, yaani nusu. Ukizipanga kutoka chini kwenda juu unapata pp, p, mp, mf, f, ff, na mtu akitaka kuzidisha anazidisha, Tchaikovsky kwenye simfonia yake ya sita ya mwaka 1893 alimwandikia mpiga basuni p sita mfululizo. Sita! Basuni yenyewe chini huko inakoroma, haiwezi kunong'ona hivyo, na waongozaji wengi wamezoea kuzihamishia nota zile kwa klarineti besi ili zisikike jinsi mtunzi alivyoota. Maana herufi hizi hazina kipimo ndani yake, hakuna desibeli, hakuna chochote. p ya soprano akiwa juu kabisa ya sauti yake na p ya soprano huyo huyo akiwa chini ni vitu viwili tofauti kabisa, ya juu ni kazi ya misuli na pumzi na ya chini inakuja yenyewe. Muimbaji akiiona p anasoma na pale alipo, na nani yuko pembeni yake, na maneno yanasema nini.

Kompyuta haina hayo. Kompyuta ina namba. MIDI, ule mfumo ulioanza mwaka 1983 na mpaka leo vinanda na kompyuta vinaongea kwa huo huo, inaipa kila nota namba ya nguvu kati ya 0 na 127 na basi. Kwenye MuseScore 3, ndo hiyo programu yangu, ukiweka p bila kugusa kitu chochote maana yake ni 49, mp ni 64, mf ni 80, f ni 96, ff ni 112. Ukizitazama ni ngazi tu, kila hatua ni kumi na sita au karibu yake. Mi nilivyozijua hizo namba nikapandwa na wazimu wa kuzibadilisha, p hii naipa 45, hii 41, huyu tenori namuongezea kidogo, nikawa nashinda kutwa nzima nachonga namba ambazo hakuna binadamu hata mmoja atakayeziona. Kwenye karatasi 45 na 49 ni p ile ile. Miezi karibu miwili ya jioni zangu iliishia huko na sidai risiti.

Halafu ikaja midomo. Vile vimistari viwili vinavyoanzia sehemu moja vikafunguka kuelekea kulia, hiyo ni kresendo, ongeza sauti taratibu, na ikifumba kuelekea kulia ni dikresendo, punguza. Mimi naiita midomo ya mamba, imefunguka imefumba, na waimbaji wapya wanaelewa haraka kuliko nikitoa Kitaliano. Kuiweka ni rahisi sana, kwenye MuseScore unachagua nota ya kwanza mpaka ya mwisho unabonyeza kitufe cha < na mdomo umefunguka chini yake, > umefumba. Urahisi huo ndo ulioniponza.

Kulikuwa na nota moja ndefu ya tenori, imeshikwa vipimo viwili kamili, nikaiwekea kresendo kutoka p mpaka f. Nikabonyeza kusikiliza. Hakuna. Inaanza laini inabaki laini halafu inafifia. Nikaipanua midomo, hakuna. Nikaongeza mf katikati, halafu f mapema zaidi, halafu nikaweka na alama ya mkazo juu, bado hakuna, nikahitimisha kwamba kresendo pale haifai kimuziki. Nikaifuta! Nilifuta wazo zuri kwa sababu spika haikulikubali.

Kumbe nilikuwa nasikiliza kwa sauti ya piano. Nilichagua sauti ya piano kwa mistari yote minne kwa sababu zile sauti za "aaah" za kwaya za kompyuta zinanikera. Na piano, hata ile ya kweli ya mbao na nyuzi, nyundo inapiga uzi mara moja inaondoka, kuanzia hapo sauti inakufa tu, hakuna mpiga piano aliyewahi kuikuza nota moja baada ya kuibonyeza. Nguvu inaamuliwa pale pale kwenye kupiga. MIDI nayo hivyo hivyo, ile namba ya 0 mpaka 127 inatolewa nota inapoanza na haibadiliki tena, kama unataka nota iliyoshikwa ikue kama ya fidla au ya mtu inabidi programu itume kitu kingine pembeni, amri inayoendelea kutiririka wakati nota inalia, mara nyingi ile ya namba 11 inayohusu hisia au namba 2 ya pumzi, na sauti uliyochagua nayo iwe imetengenezwa kuisikiliza. Kwa hiyo kresendo yangu haikuwa na kosa lolote, kosa ni kwamba nilimuuliza piano swali la muimbaji. Nilipobadilisha nikaweka sauti ya fidla, mdomo ule ule bila kuuongeza kitu, nota ikakua mpaka nikacheka peke yangu chumbani.

Kinyume chake pia kipo. Ukichukua kile chombo cha maandishi ya kawaida ukaandika "cresc." chini ya nota, muimbaji anakuelewa kabisa, ataongeza sauti na maisha yanaendelea. Kompyuta itapita hapo haijali, kwake hayo ni maneno kama jina la mtunzi lilivyo maneno. Hata p ukiiandika kama herufi ya kawaida ukailaza ni picha tu kwake. Na jicho lililozoea litaona pia, maana zile p na f za muziki sio herufi za fonti ya barua, ni maumbo ya fonti ya muziki yenye tumbo na mkia wake, nene na zimelala kwa namna yake. Siku hizi kuna utaratibu unaoitwa SMuFL unaopanga kila umbo likae kwenye namba ipi ndani ya fonti, na Bravura iliyotoka mwaka 2013 ndo fonti ya kwanza kuufuata, kabla ya hapo kila fonti ilikuwa na mpangilio wake na ukihamisha faili unakuta f imegeuka dude lisiloeleweka. Ukichanganya f ya muziki na f ya barua kwenye ukurasa mmoja inakuwa kama mtu kavaa kiatu na ndala, hajakosea sheria yoyote ila kila mtu anatazama miguu.

Programu zenyewe zimetofautiana sana kwenye jambo hili na kila mtu anatetea ya kwake. Sibelius unabonyeza Ctrl na E, kialama kinakonyeza pale kwenye nota, unaandika huku umeshikilia Ctrl ili mf itoke kwa maumbo ya muziki, ukiachia inatoka maandishi ya kulala. Dorico unabonyeza Shift na D kinafunguka kisanduku kidogo unaandika p<f kama unamtumia mtu meseji, ukigonga Enter imekuja p, imekuja midomo, imekuja f, zote zimejipanga mstari mmoja, aisee mara ya kwanza kuiona nilirudia mara kumi bila sababu. LilyPond haina hata ukurasa wa kubofya, unaandika kila kitu kama msimbo, nota halafu mkwaju wa nyuma halafu p, mkwaju wa nyuma na < kufungua, mkwaju wa nyuma na alama ya mshangao kufunga, na ukisahau kufunga inakulalamikia, jambo ambalo mimi nalipenda kuliko programu inayonyamaza. Finale, ambayo ilikuwepo tangu 1988 na vitabu vingi sana vya nota vimepitia humo, wenyewe walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza, kwa hiyo kuna watu wenye mafaili ya miaka thelathini na kitu wanahamisha p moja moja na kuangalia kama zimefika salama. Mimi niko MuseScore kwa sababu ni ya bure na nimezoea, sina falsafa zaidi ya hapo.

Ila kwenye MuseScore 3 kuna tabia moja niliwaona nayo karibu wote wanaoanza na mimi nilikuwa nayo vibaya sana. Kuburuta. Unatoa f kwenye paleti, lile dirisha la pembeni lenye alama zote, unaidondosha, imetua kwenye pigo la kwanza na wewe ulitaka la tatu, sasa badala ya kuifuta uiweke upya unaikamata kwa kipanya unaisogeza kulia mpaka ikae chini ya pigo la tatu. Machoni iko sawa kabisa. Ila ukiangalia vizuri wakati unaburuta utaona kuna kimstari chembamba cha vidoti kinaifuata f kama kamba ya mbuzi, na upande wa pili wa kamba umefungwa kwenye pigo la kwanza. Hapo ndo kwao. Kompyuta itapiga f pigo la kwanza, na siku ukibadilisha ukubwa wa karatasi au ukaongeza ubeti wa pili wa maneno nota zikatanuka, f itabaki na umbali ule ule kutoka kwa mwenye kamba, sio kutoka pale ulipotaka. Nilishawahi kubadilisha saizi ya mistari dakika kumi kabla ya kuprinti na alama zikatawanyika ukurasa mzima kama kuku wameona mwewe, kuna p ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha habari.

Dawa yake nilikuja kuijua baadaye na ni ya kijinga kwa urahisi. Chagua nota kwanza. Bofya nota unayoitaka, ndo uende kwenye alama, alama itajifunga hapo hapo. Kama umeshaharibu, chagua alama bonyeza Ctrl na R itarudi pale programu inapoona panafaa, na utashangaa ni mara ngapi programu inaona vizuri kuliko wewe saa saba usiku. Kuburuta sasa ni kwa kusogeza kidogo tu juu au chini, alama ikigongana na mkia wa nota.

Na juu au chini penyewe pana mambo. Vyombo, alama za nguvu zinakaa chini ya mistari, piano yenye mistari ya mikono miwili zinakaa katikati ili zihudumie mikono yote. Waimbaji zinakaa juu, kwa sababu chini kuna maneno. Nilichapa kazi nzima alama zikiwa chini, zimebanana na silabi, p imekaa katikati ya neno mpaka alto mmoja akaniuliza hii "pnu" ni neno gani. Sio alama zote zinapanda juu kwa sababu moja lakini, maelezo ya mwendo kama taratibu au haraka yako juu kwa kila mtu, yameandikwa wima na nene, wakati maneno ya hisia, imba kwa utamu, imba kwa uchungu, yanalala. Mtu akikusomea ukurasa kwa jicho moja anapata habari nusu kwa mahali tu kitu kilipokaa kabla hata hajasoma.

Midomo nayo, mwisho wake ni muhimu kuliko mwanzo. Kresendo isiyo na f wala mf wala chochote mwishoni ni kumwambia mtu panda basi bila kumwambia anashuka wapi, kila mmoja atashuka kituo chake. Na mdomo uishie kabla tu ya herufi ya mwisho, usiivuke, maana nimeona (nimechapa) mdomo umefunguka mpaka umepita f na kuingia kipimo kingine, waimbaji wakaendelea kuongeza baada ya kufika, na kosa ni la nani? Usiniulize.

Kuna alama ndogo ndogo pia zinazokaa kichwani mwa nota. Kinukta, staccato, ikate fupi. Kimstari, tenuto, ishikilie mpaka mwisho wake. Kile cha > kidogo, mkazo, igonge. Na huyu wa mwisho amenitesa kwa sababu ni ndugu wa dikresendo, umbo moja tofauti urefu, Schubert aliandika kwa mkono mikazo mirefu mirefu mpaka leo wahariri wa kazi zake wanabishana hii ni mkazo au ni punguza sauti. Mimi sikuwa na kisingizio cha mwandiko. Nilichagua vipimo vinne vya shangwe, nikataka mkazo kwenye kila nota, nikabonyeza > badala ya Shift na V, ukatoka mdomo mmoja mkubwa umefumba, nikauona, nikadhani ndo mkazo unavyoonekana ukiwa mwingi. Nikaprinti. Shangwe ikaanza vizuri ikafifia kama redio iliyoishiwa betri, wote kwa pamoja, wametii vizuri kabisa.

Kwenye fermata, lile jicho la kusimama, nikarudia dhambi ile ile ya kisanduku, safari hii bila hata kisanduku. Ukiiweka kwa soprano peke yake, kompyuta inapofika hapo inasimamisha muda wa wote, kwa sababu kwake muda ni mmoja. Inasikika safi. Kwenye karatasi jicho liko kwa soprano tu, alto anahesabu pigo lake na kuondoka zake kwenye neno linalofuata, halafu anageuka kuona wenzake bado wamesimama, uso anauficha nyuma ya karatasi. Sasa hivi fermata naiweka kwa kila mstari, hata mstari ambao muda huo uko kimya, kwa sababu mtu aliyenyamaza naye anahesabu.

Njia ya haraka ipo na laiti ningeijua siku za lori. Unabofya nota ya soprano, unashikilia Shift unabofya nota ya besi, eneo lote katikati linapakwa rangi, halafu unabofya p mara moja kwenye paleti inashuka kwenye mistari yote minne. Sekunde tatu. Zile sekunde tatu ndo nilizokuwa nakwepa kwa kile kisanduku. Na ukitaka kuichezea kompyuta, labda muimbaji haihitaji alama lakini spika inaihitaji ili isikike vizuri, unaweka alama unabonyeza V inakuwa ya kijivu, kwenye skrini unaiona, inapigwa, kwenye karatasi haitoki. Hiyo ndo haki yake, siri za mashine zibaki kwa mashine.

Nilipojua yote haya nikafanya kile anachofanya kila mtu aliyejua kitu juzi. Nikaweka kila mahali. Ukurasa wa pili wa kazi iliyofuata ulikuwa na alama nyingi kuliko nota, mp, mdomo, mf, mdomo, mp tena, tenuto, vikofia, "kwa hisia", "kwa hisia zaidi", nikampelekea mpiga kinanda wetu ambaye ni mtu mzima kwangu na amepiga kabla mi sijazaliwa. Hakusema kitu. Alitoa penseli akazungushia duara p moja, f moja, kresendo ndefu moja na fermata ya mwisho. Alama nne. Akanirudishia karatasi akasema, "Hizi tutaziimba." Nikamuuliza na zingine? Akasema, "Zingine wataimba wenyewe, ndo maana wana masikio." Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikafungua faili nikaanza kufuta, na kweli nyingi zilikuwa zinasema kitu ambacho wimbo wenyewe ulishasema, melodia inapanda mtu anaongeza, neno zito mtu analikazia. Watunzi wa zamani waliandika chache sana au hawakuandika kabisa, Giovanni Gabrieli alipoziandika piano na forte ndani ya sonata yake iliyochapishwa 1597 ilikuwa ni jambo jipya kiasi kwamba ziliingia mpaka kwenye jina la kazi. Siamini kwamba chache daima ni bora, kuna muziki ambao bila alama kila nota umekufa. Ila ukurasa wangu ule haukuwa muziki wa hivyo, ulikuwa ni mimi nina paleti mpya.

Kazi ya besi na lori niliichapa upya. p kwa wote wanne, fermata kwa wote wanne, ile kresendo ya tenori niliyoifuta nikairudisha, nikatoa karatasi za kila sauti na safari hii nikakaa nikazisoma moja moja kwa macho bila kubonyeza kusikiliza, besi kwanza. Mazoezi yaliyofuata kipimo cha 23 kikafika, nikanyanyua mkono, na wakashuka. Sio kama kompyuta, kompyuta ilishuka zote kwa mpigo, hawa walishuka kama watu wanaokaa chini, mmoja mmoja lakini wote, na yule mzee alifumba macho kabisa.

Mwisho wa mazoezi nikakusanya karatasi. Ya yule mzee ilikuwa na penseli. Juu ya kipimo cha 23 alikuwa amechora miwani, ile miwani ambayo wanamuziki huchora wakitaka kujikumbusha kutazama, na pembeni ya p yangu ameongeza p mbili kwa mkono wake, zimeinama, moja kubwa kuliko nyenzake. Nikafungua laptopu, nikabofya nota ile kwanza, nikaweka ppp kwa besi peke yao na watatu wengine nikawaachia p moja moja. Miwani nimeitafuta kwenye paleti zote, haipo.